Mshono Usiofichwa na Rangi

4 Machi

Leo kiwanda kimetugawia shajara za mwaka mpya. Ni Machi. Kiwanda chetu huwahi namna hiyo. Kila ukurasa una picha ya mche wa sabuni pembeni, na wenzangu wengi wameshasema watawapa watoto wachoree. Mimi yangu nitaiandika, kwa sababu jana tumefungua kibanda.

Kibanda chenyewe ni mabati juu ya nguzo, uani kwa marehemu mama, upande unaotazama barabara. Mashine ya kuchomelea nimeinunua mimi. Grenda, kinyago na koleo ni vya kaka, vilivyobaki tangu alipoachana na kiwanda cha mabodi ya mabasi. Mpango ni huu: mimi ni fundi wa mitambo kiwanda cha sabuni, natoka alasiri. Mchana kaka atashika kibanda peke yake, jioni na Jumapili tutakuwa pamoja. Kazi siachi. Mshahara ni mdogo lakini haujawahi kupotea njia.

Kaka ndiye aliyenifundisha kuchomelea, nikiwa bado mwanafunzi wa chuo cha ufundi ninayeogopa cheche. Kule kwenye mabasi walikuwa wakimwita Mkono wa Dhahabu. Aliondoka kwa kugombana na bosi. Ugomvi wenyewe hausemi.

7 Machi

Mteja wa kwanza: mwenye duka la nafaka, anataka grili ya dirisha. Joto kali. Mawingu yanakuja, yanatazama, yanaondoka.

9 Machi

Wifi, mke wa kaka, amehamia kibandani. Nilidhani anamletea mumewe chakula na kurudi zake. Leo nimemkuta ameketi juu ya ndoo, tepu ya kupimia mkononi.

"Wifi, na wewe umekuwa fundi?"

"Nashika tu, wifi yangu. Nyumbani nimemaliza."

Kaka alikuwa anapapasa ndani ya mfuko wa skrubu. Hakuinua kichwa. Hii ndiyo biashara ya ndugu: unamkaribisha mmoja, wanaingia wawili, na wa pili ndiye anayekalia ndoo.

12 Machi

Msimamizi wetu kiwandani tunamwita Bwana Dakika. Ukichelewa, hakugombezi. Anatazama saa yake, anakutazama wewe, halafu anatazama tena saa, kana kwamba anawatambulisha. Leo asubuhi ametukusanya akasema amesikia baadhi yetu wana shughuli zao nje. Sheria ya kiwanda inataka mtu atoe taarifa.

"Mshika mawili moja humponyoka," akasema. "Mimi naomba tu lisiponyoke la kwangu."

Watu wakacheka kwa adabu. Mimi nilicheka zaidi ya wengine, jambo ambalo nadhani halikuwa la busara.

Sikutoa taarifa.

16 Machi

Grili ya mwenye nafaka imekataa kuingia dirishani. Kaka anasema ukuta ndio umepinda. Nimeupima ukuta: umenyooka kuliko sisi wote. Tumeirudisha, nimeikata na kuiunga upya mwenyewe. Mishono ya kaka ilikuwa imetangatanga kama mtu anayetoka kilabuni. Nikamwambia, "Kaka, haraka ya nini?" Akasema kioo cha kinyago kimechakaa. Nimemnunulia kingine.

17 Machi

Mvua imeanza.

20 Machi

Mvua. Kaka amemaliza ngazi ya mteja mpya, fundi mpaka rangi wa majumba, na rafu za mwenye nafaka. Amezipaka rangi kabla sijafika, zinang'aa.

Nimegundua jambo. Nikikaribia uani nawasikia kaka na wifi wakinong'ona. Wifi anasema kitu, kaka anakirudia. Nikiingia, kimya. Leo nilisimama nje ya ukuta kidogo, mwavuli ukichuruzika, lakini mvua juu ya mabati ilimeza maneno. Nadhani wanachukua kazi zao pembeni kwa mashine yangu. Kikulacho ki nguoni mwako. Sijasema lolote. Naangalia.

24 Machi, Jumapili

Leo Bwana Dakika amekuja kibandani.

Nilikuwa nimevaa kinyago, nimeinamia bomba. Nikaona viatu. Kuna mtu mmoja tu ninayemjua anayeng'arisha viatu siku ya matope. Nikabaki ndani ya kinyago. Sauti ikasema, "Nimeambiwa hapa kuna fundi mwanamke ambaye mishono yake haikwaruzi."

Kaka akajibu kwa furaha, "Huyo hapo! Dada yangu, fundi wa kiwanda cha sabuni!"

Ndugu ni mali, lakini kuna siku unatamani kuiuza. Nikavua kinyago. Bwana Dakika akanitazama. Akainua mkono nikadhani ni saa, kumbe anajifuta mvua usoni.

"Kumbe," akasema.

"Shikamoo, mkuu."

"Marahaba. Hayo ya kiwandani tutayazungumza kiwandani. Leo nimekuja na shida yangu."

Shida yake ni kwamba mkewe amepoteza macho. Ilianza kidogo kidogo, sasa ni giza tupu. Anataka reli ya kushika, kutoka chumbani hadi jikoni, kisha kutoka mlango wa nyuma, kushuka ngazi, hadi bafuni na kwenye kamba za kuanikia. "Hataki kushikwa mkono," akasema. "Ananiambia, mimi si kikapu."

Nimefanya naye kazi miaka mingi. Sikujua kama ana mke.

26 Machi

Nimekwenda kupima. Bwana Dakika nyumbani kwake ni mtu mwingine: suruali imekunjwa, anamenya vitunguu, anachelewa kuepua sufuria. Mkewe ni mrefu kuliko yeye, anaongea haraka, anacheka kabla hujamaliza kuchekesha. Alikataa nitumie kimo cha kawaida cha reli. Akasimama ukutani, akaacha mkono uning'inie, akaukunja kidogo. "Hapa ndipo mkono wangu unapokaa bila kuombwa. Weka hapa."

Kisha akanishika vidole. "Wewe ndiye anayesumbuliwa na mume wangu kiwandani?"

"Hanisumbui, mama."

"Mwongo. Mimi ananisumbua."

31 Machi, Jumapili

Reli ya ndani imekamilika. Nimeifanya yote mimi: nimechomelea, nimesaga kwa grenda, nikapitisha tupa, kisha msasa. Mama yule akaipitia kwa kiganja, polepole, kutoka chumbani hadi jikoni, na sisi tukimfuata nyuma kama msafara. Karibu na mlango wa jikoni akasimama.

"Hapa ulichoka."

Ni kweli. Hapo jua lilikuwa limeshazama na mkono ulikuwa umekufa ganzi. Nimeparudia. Sijawahi kukaguliwa namna ile. Wateja wote hutazama rangi.

3 Aprili

Mtambo wa kuchanganyia sabuni umevunjika shafti. Bwana Dakika ametupangia kazi za ziada wiki nzima, mimi wa kwanza. Nikamwambia, "Mkuu, na reli ya nje?" Akasema, "Si una kaka?" Nikasema ninaye.

5 Aprili

Kaka anasema reli ya nje tayari, imesimama, imepakwa rangi ya kijani. Nimepita pale nikitoka kazini, nimechoka, mvua ya kumwaga. Nimeiona toka getini. Inapendeza. Sikuingia.

6 Aprili

Kulala tu.

9 Aprili

Mvua usiku na mchana. Ukuta wa choo cha jirani umeanguka. Hakuna aliyekuwamo, kwa hiyo mtaa mzima umecheka.

11 Aprili

Bwana Dakika hakuja kazini. Watu walikuwa wanatazama mlango kama waliofiwa. Mmoja akasema labda saa yake imekufa.

12 Aprili

Nitaandika kwa mpangilio, maana leo mambo yamekuja kwa fujo.

Asubuhi niliitwa ofisini. Bwana Dakika alikuwa amesimama dirishani, shati lile lile la juzi. Akasema mkewe ameanguka. Alikuwa anatoka kuanua nguo mvua ilipoanza, ameshika reli kwa mkono mmoja na nguo kwa mwingine. Reli ikaachia. Amevunjika kifundo cha mkono, na uso umechubuka. Hospitali wamemfunga plasta na kumruhusu.

Nilingoja aendelee. Hakuendelea. Nikamwambia, "Reli ni yangu. Jina la kibanda ni langu. Nimeikabidhi bila kuikagua."

"Nilikupangia zamu mimi," akasema.

"Zamu haikunizuia kuingia getini."

Akatikisa kichwa, si kukubali wala kukataa. Akasema mkewe anataka kuniona, niende mchana huu, ruhusa ninayo.

Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kutukanwa, na ningeona nafuu. Mama yule alikuwa ameketi sebuleni, mkono wa kushoto umefungwa, shavu limevimba. Nikampa pole. Akapokea haraka haraka kama mtu anayepokea kitu ili akiweke kando, akasema, "Nenda kaniletee kipande kilichoachia."

Nje mvua ilikuwa imepungua. Reli ilikuwa imening'inia upande mmoja. Nguzo imara, zege imara. Ni pale bomba linapokutana na nguzo ndipo palipoachia, na kwa chini nikaona nilichopaswa kukiona wiki iliyopita: mshono mnene, mwingi, umekaa kando ya kiungo. Kiungo chenyewe kilikuwa kimeshikwa kwa tone tu. Rangi ya kijani ilikuwa imefunika yote vizuri. Nikakata kipande, nikamletea. Nilikuwa na hasira na kaka kiasi kwamba meno yaliniuma.

Akakiweka mapajani, akapitisha kidole gumba. Mara moja, mara ya pili. Bwana Dakika alikuwa amefika, amesimama mlangoni na koti lililolowa.

"Nani kafanya hii?"

"Kaka yangu. Mzembe, mama. Nitamshughulikia."

"Siyo mzembe," akasema. "Mzembe angeweka kidogo akaenda zake. Huyu ameweka kingi, tena kwa kujitahidi. Shika hapa. Unaona? Anaanza kwenye kiungo, anapotea, anahisi amepotea, anarudi, anapita tena upande wa pili. Amehangaika. Mimi macho yalipoanza kuniacha, chai nilikuwa naimimina hivi hivi. Nyingi, halafu kando ya kikombe. Na nikiulizwa, nasema kikombe kibovu. Kaka yako haoni."

Nikasema kaka anaona. Nikasema anatembea, anasalimia watu kwa majina.

"Kwa sauti zao," akasema. "Mimi nilisalimia mtaa mzima mwaka mzima. Muulize huyo mlangoni kama aligundua."

Bwana Dakika alitoka kwenda jikoni, nikasikia akifungua bomba la maji na kulifunga, akilifungua na kulifunga.

Nilirudi uani kwa miguu. Kaka alikuwa kibandani, na wifi juu ya ndoo. Nikakiweka kile kipande juu ya meza. Nikachukua tepu, nikaivuta, nikamwelekezea.

"Kaka, nisomee hapa."

Akacheka. "Leo tumerudi shule?"

"Nisomee."

Akaishika, akaisogeza karibu na uso, akaisogeza mbali, akageukia mwanga. Wifi akafungua mdomo. Nikamwambia, "Wifi, tafadhali, leo usimsaidie." Ndipo nikausikia ule mnong'ono wote wa mwezi mzima ulivyokuwa: mke anamsomea mumewe vipimo, na mume anavirudia ili asivisahau. Ndio wizi niliokuwa nauvizia.

Kaka akaiachia tepu, ikajikunja yenyewe kwa kelele.

"Nani kakwambia?" akauliza.

"Aliyeanguka."

Hakujua kama kuna mtu ameanguka. Nikamweleza. Akaketi chini, kwenye matope, si kwa kuanguka, kwa kuketi tu, kama mtu aliyefika. Wifi ndiye aliyeongea. Alisema ni muda mrefu. Kule kwenye mabasi hapakuwa na ugomvi wowote. Alichomelea siti vibaya, wakamwonya, akachomelea tena vibaya, akaondoka kabla hajafukuzwa. "Nilimwambia akwambie," akasema. "Akasema atakuambia ukishamwamini. Nikamwambia, mume wangu, huyu alikuamini kabla hajaota meno."

Kaka akasema jambo moja tu. "Mkono ulikuwa unajua. Nilifikiri mkono unatosha."

Sikuwa na huruma bado, nilikuwa na hesabu nyingine kichwani: kila kitu alichokiunga tangu tufungue. Rafu zilizojaa magunia. Ngazi.

Ngazi.

Nikasema, "Inuka."

Mpaka rangi tulimkuta kwenye jengo la ghorofa nyuma ya soko, upande uliokingwa na mvua, yuko juu kabisa, anapiga mluzi. Kaka hakuweza kumwona, lakini alisikia mluzi unatokea wapi. Akakimbia. Sijamwona akikimbia tangu utoto. Akaikumbatia ngazi kwa mikono yote, akaisukumia ukutani kwa kifua.

"Shuka!"

"Nani wewe? Nimebakiza kona hii."

"Shuka, ndugu yangu. Ngazi hii nimeitengeneza mimi na mimi sioni."

Mtu wa juu akacheka. Alidhani ni utani wa mafundi. Kisha akatazama chini, akaona sura ya kaka, akaacha kucheka. Akashuka kipago kwa kipago, bila kupumua, na kila kipago kaka akikishika kwa chini kana kwamba mkono wake ungeweza kuwa mshono. Alipogusa ardhi alikitupa kikopo chake cha rangi na kumtukana kaka matusi ya kila aina, mengine mapya kwangu. Kaka alisimama akayapokea yote. Mtu yule alipoishiwa, akauliza, "Sasa kwa nini umekuja kuniambia?"

Kaka akasema, "Ulikuwa juu."

Tumerudi na ngazi begani, mimi mbele, yeye nyuma. Vipago viwili vimetoka nilipovigonga kwa nyundo.

13 Aprili

Rafu tumezichukua. Mwenye nafaka kasema alijua, kwa sababu zilikuwa zinalia usiku. Akadhani ni panya.

14 Aprili, Jumapili

Kibanda kimefungwa. Kaka amekaa kwake. Wifi alikuja peke yake kufagia mahali ambapo hapana uchafu. Nikaketi juu ya ndoo, nikamwachia kiti. Hatukuongea sana. Nimemwambia nilikuwa namdhania mwizi. Akasema alijua, na akaona ni afadhali kuliko ningejua ukweli. Kisha tukacheka, jambo ambalo silielewi hata ninapoandika.

17 Aprili

Bwana Dakika ameniita akanipa barua ya onyo, kwa kuendesha shughuli nje bila kutoa taarifa. Imeandikwa vizuri, haina kosa hata la nukta. Nikatia sahihi. Akaichukua, akaweka kwenye faili, akafunga droo.

"Hilo limekwisha," akasema. "Sasa Jumapili unakuja saa ngapi kutengeneza reli?"

"Bado mnanitaka?"

"Mke wangu kasema akija fundi mwingine atamfukuza kwa mkono mmoja."

Nimeona nimwandikie taarifa ya kibanda, ile niliyopaswa kuitoa mwezi uliopita. Ameigonga muhuri papo hapo.

21 Aprili, Jumapili

Mvua haikutupa nafasi. Kuchomelea kwenye maji ni kujitafutia jeneza, kwa hiyo tulifunga turubai kati ya ukuta na kamba za kuanikia, na upepo ukaling'oa, tukalifunga, ukaling'oa. Mwishowe Bwana Dakika akapanda kwenye stuli, akashika kona ile kwa mikono yake. Nikamwambia itachukua muda. Akasema anajua.

Kaka alikuja bila kuitwa. Alisimama nje ya geti hadi mama yule alipouliza nani anapumua pale. Akaingia, akamwomba radhi akiwa amesimama mvuani. Mama akamwambia aketi. Wakaketi barazani wawili hao, mimi nikiunga, na kila kipande nilichomaliza kupiga msasa kilipita kwanza kwao. Mama anapitisha kidole, anampa kaka. Kaka anapitisha kidole, ananirudishia. Mara mbili wamekikataa. Mara ya pili nilikasirika, nikatazama, nikakuta wana haki.

Nilimsikia mama akimuuliza, "Ulikwenda kupima macho?"

"Nikapimwe nini, mama? Naogopa wataniambia."

"Mimi niliogopa hivyo hivyo. Nilipokwenda, daktari akasema ilifaa niwahi mwaka mmoja nyuma. Sasa naogopa nini? Hakuna kilichobaki." Akampiga kidogo gotini kwa ule mkono mzima. "Wewe nenda ukiwa bado una cha kuogopea."

Bwana Dakika alikuwa juu ya stuli, maji yanamshuka ndani ya mikono ya shati. Alisikia yote. Alitazama turubai.

Jioni mkewe akashuka ngazi peke yake, akaenda hadi kwenye kamba, akaning'iniza kitambaa kimoja kilicholowa, kwenye mvua, akarudi. Hakuna aliyepiga makofi. Bwana Dakika alijaribu kushusha mikono ikakataa kunyooka.

28 Aprili

Mvua. Nimemtengenezea mpaka rangi ngazi mpya. Aliipanda, akarukaruka juu yake, akashuka, akaipanda tena. Sawa.

2 Mei

Hospitali ya macho. Nimeomba ruhusa kwa maandishi. Kaka alivaa shati la harusi. Daktari, binti mdogo mwenye sauti ya upole, alimmulika kwa muda mrefu. Jicho la kulia limeungua ndani kwa mwanga wa kuchomelea, miaka ile ya ujana alipokuwa akiona kinyago ni mzigo. Hilo basi. La kushoto ni mtoto wa jicho, tena amekomaa, anaweza kutolewa.

Kaka akauliza, "Basi nitachomelea tena?"

"Utamwona anayechomelea," daktari akasema. "Wewe kaa mbali na ule mwanga."

Njiani kurudi wifi alimshika mkono, naye akauacha ushikwe.

11 Mei

Mvua zimeanza kukatika. Maagizo ni mengi kuliko muda wangu. Mwenye nafaka ameagiza rafu upya na kuwaambia watu kwamba sisi ndio mafundi tunaorudi kuchukua vibaya vyetu wenyewe. Sikudhani hilo lingekuwa tangazo. Nimekataa kazi mbili. Sitakubali tena kitu ambacho sitakiona kwa macho yangu.

18 Mei

Amefanyiwa. Wifi yuko naye.

19 Mei

Bandeji imetolewa. Mimi nilikuwa kiwandani kwa zamu ya ziada, nasafisha tangi. Wifi amesema alitazama dirisha tu, muda mrefu, na alipoulizwa anaona nini akasema, "Kioo kichafu."

25 Mei, Jumamosi

Jua kali, matope yamekauka na kupasuka. Nilikuwa nimekaa chini kibandani, nimevua kinyago, napiga tupa miguu ya rafu. Kaka akaingia na miwani yake nyeusi ya hospitali, peke yake, bila wifi. Alisimama akatazama kibanda: mashine, mabati, mabomba yaliyoegemea nguzo. Akaokota kipande cha mshono wake wa zamani kutoka kwenye rundo la vyuma chakavu, akakisogeza karibu na jicho la kushoto. Akakitazama pande zote. Akakirudisha kwenye rundo kwa uangalifu, kama kitu cha mtu.

Nikamwuliza kama anataka kusoma vipimo, mimi nikate. Akasema ndiyo. Akaja kuchukua tepu mkononi mwangu, akainama, akavua miwani. Akabaki hivyo, ameinama, ananitazama.

"Nini?" nikamwuliza.

"Kumbe una mvi."

Nikajishika kichwa. "Kaka, nina mvi siku nyingi."

"Toka lini?"

Nikafikiri. "Toka mama alipofariki. Kabla kidogo."

Akanyoosha mkono, akaushika unywele mmoja juu ya sikio langu, akauvuta taratibu kwenye mwanga kuutazama, kama alivyokuwa akitazama waya.

"Na mimi," akasema, "muda wote huu nilikuwa naona mtoto."

Kisha akavaa miwani, akavuta tepu, akanisomea kipimo. Niliposogea kuhakikisha, kilikuwa sahihi.